Nairobi–Kisumu kwa Ndege: Kilomita 280, Dakika 50, na Zile Saa Tatu Hakuna Mtu Hukuambia

Tuanze na jibu, ndio kama uko na haraka uishie. Kutoka JKIA hadi uwanja wa ndege wa Kisumu ni karibu kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni kama maili 174, ama maili 151 za baharini, na hizo za baharini ndizo marubani hutumia. Tiketi itakuandikia dakika 45 hadi 55, inategemea kampuni na ndege. Ukitokea Wilson, umbali unashuka hadi kilomita 269 hivi.

Sasa kama huna haraka, kaa hapa kidogo, juu hizo dakika 50 ndizo zimefanya wasee wengi wachome ganji bila kupiga hesabu. Matanga iko Jumamosi, ama umeitwa interview Kisumu Jumatatu asubuhi, ama ni Desemba na mathree zimepandisha fare vile zinajisikia. Unafungua simu, unaona "dakika 50", unaona kama umeokoa siku nzima. Wakati mwingine umeokoa kweli. Wakati mwingine ndege imekupitisha juu ya ushago yenu, ikakuteremsha mbele, na sasa unarudi nyuma na matatu kama mtu alisahau mzigo.

Mbona kila mtandao una namba yake?

Ukigoogle umbali wa Nairobi na Kisumu utapata 264, utapata 269, utapata 280, halafu mtu mwingine anakuambia 350. Hakuna mwenye amedanganya. Kilomita 264 hivi ni kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi katikati ya Kisumu, kama vile ungenyoosha uzi kwenye ramani. 269 ni kutoka Wilson. 280 ni kutoka JKIA, juu JKIA iko Embakasi, mashariki mwa jiji, na Kisumu iko magharibi. Kumaanisha msee wa JKIA anaanza safari akiwa ameenda mbali zaidi na Kisumu kuliko vile alikuwa kwa keja yake, isipokuwa anaishi upande wa Syokimau ama Mlolongo.

Ile 350 ni barabara, kupitia Nakuru na Kericho.

Angalia hapo vizuri. Tofauti ya barabara na hewa ni kama kilomita 70 tu. Ndege haikushindi kwa shortcut, inakushinda kwa speed. Kilomita 350 ukizifanya kwa saa saba, umetembea wastani wa kilomita 50 kwa saa, hata kama dere wako alikuwa anapaa pale Salgaa ukiwa umefunga macho unaomba. Malori, matuta, ile foleni ya Gilgil watu wakirudi kutoka Easter, dakika 30 za choma pale Kikopey ambazo hugeuka saa nzima: hizo ndizo zinakula siku, si umbali.

Dakika 50 zinaenda wapi?

Jeti za Embraer 190 ambazo Kenya Airways hutumia kwa safari hizi zinaweza kusonga karibu kilomita 829 kwa saa zikishatulia juu. Ukigawanya 280 kwa hiyo, unapata dakika 20. Sasa mbona tiketi inasema 50?

Kwanza, saa ya tiketi haianzi ndege ikiruka. Inaanza ndege ikiondoka pale imepaki, na inaisha ikipaki upande ule mwingine. Ndani yake kuna kutambaa hadi mwisho wa barabara ya kurukia, kungoja zile ndege kubwa za kutoka Dubai na Amsterdam zimalize biashara yao, na kuweka dakika kadhaa za akiba ndio kampuni isionekane imechelewa. JKIA ina barabara moja tu ya kurukia, ya zaidi ya kilomita nne, na kila mtu anaitumia hiyo moja. Ukiwa nambari tano kwa foleni saa moja asubuhi, hata rubani hana la kufanya.

Pili, na hii huwashangaza wengi, mara nyingi ndege yako ya Kisumu huruka ikiangalia upande tofauti na Kisumu. Ndege huruka zikielekea kwenye upepo, na upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki na kaskazini mashariki. Kwa hivyo unaruka ukielekea upande wa Kangundo huko, halafu ndege inapiga kona kubwa kurudi magharibi. Umeshatumia dakika kadhaa na bado uko juu ya kaunti ya Machakos.

Tatu, safari ni fupi sana hadi ndege haipati nafasi ya kukimbia. Inapanda, inanyooka kidogo, inaanza kushuka. Muda wenyewe wa kuwa hewani huwa kama nusu saa hadi dakika 40. Soda ukipewa, inywe haraka.

Na mwisho kabisa, pale Kisumu, barabara ya kurukia imelala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, na upande wake mmoja unaangalia Ziwa Victoria. Upepo ukiruhusu, ndege inakuja moja kwa moja kutoka mashariki na kukanyaga chini. Upepo ukikataa, inapita hadi juu ya ziwa, inageuka, inatua ikitokea upande wa maji. Ni view tamu, lakini ni dakika zingine.

Propela ama jeti?

Jambojet hutumia ndege za Dash 8-400, zile za propela zenye viti 78. Kuna watu huziogopa ati ni za zamani ama ni polepole. Zinaweza kufika kilomita 667 kwa saa. Weka hesabu: kwa kilomita 280, tofauti ya jeti na hii propela zote zikiwa zimechapa mbio kamili ni dakika tano. Tano! Kwa safari kama ya Johannesburg ungehisi tofauti. Kwa Kisumu, mtu mmoja akichelewa kuweka begi juu amemaliza hizo dakika. Kwa hivyo chagua kwa bei na saa ya kuondoka, wachana na sura ya injini.

Mlango hadi mlango

Hapa ndio penye doo yako iko, kwa hivyo soma polepole.

Tuseme unaishi Umoja na tiketi yako ni ya 13:00. Unatoka keja 10:15. JKIA unafika 11:00, ukishashuka kwa gari pale kwenye ukaguzi wa barabarani na kutembea kupitia mashine kama kawaida. Unacheki-in, unapitia ukaguzi mwingine, unakaa. 13:00 mnaondoka. 13:50 mko Kisumu. 14:10 uko nje na begi yako. 14:30 uko tao, juu uwanja uko kilomita chache tu kutoka katikati, kwa barabara ya Busia. Jumla ni saa 4 na dakika 15. Ukitoa zile dakika 50 za ndege, umebaki na saa tatu na kitu za kungoja, kupanga laini na kukaa kwa gari.

Sasa shuttle. Dakika 45 kutoka Umoja hadi stage ya tao, dakika 45 zingine ijaze, na saa saba barabarani siku nzuri. Saa 8 na nusu. Ndege imekuokolea kama saa nne, si saa sita na kitu kama vile tiketi ilikufanya uamini.

Je, hizo saa nne ni za bei gani? Chukua namba za mfano tu, weka zako mwenyewe. Tiketi 7,000, cab ya kwenda JKIA 1,200, tuktuk ya Kisumu 300. Hiyo ni 8,500. Barabara: shuttle 1,800, mathree ya kwenda stage 100, na lunch ya Nakuru 400. Hiyo ni 2,300. Tofauti ni 6,200, gawa kwa saa nne, unalipa 1,550 kwa kila saa unayookoa. Kama siku hiyo ungekuwa kazini ukiunda zaidi ya hapo, ama boss amekupa ruhusa ya nusu siku pekee, panda ndege bila kuomba msamaha. Kama ungekuwa umelala kwa kochi ukiscroll, basi umenunua usingizi ghali.

Na kuna mpinzani mmoja watu husahau wakipiga hii hesabu: basi ya usiku. Inatoka saa tatu usiku, inafika alfajiri. Muda ni ule ule wa barabara, lakini ni muda ambao ungekuwa umelala. Kama una mgongo wa kulala kwa kiti, ndege imekuokolea saa chache sana za mchana. Kama huna, utafika matanga ukiwa umevimba miguu na unasinzia wakati mzee anaongea, na hiyo pia ina bei yake.

Treni? Ile ya reli ya zamani ilirudishwa Desemba 2021 na huchukua karibu saa 12. Panda kama unataka story na mbogi, si kama una mahali pa kuwahi. Na kabla ya kupanga, uliza kama inaenda wiki hiyo.

Ushago yenu iko upande gani?

Hii ndiyo swali kubwa kuliko zote na hakuna app itakuuliza.

Chora mstari ulionyooka kutoka JKIA hadi uwanja wa Kisumu. Unapita kati ya mlima Longonot na mlima Suswa, unavuka Bonde la Ufa, unapanda juu ya msitu wa Mau, halafu unapita karibu juu ya Kericho kabisa, halafu Ahero, halafu Kisumu. Njia yenyewe ya ndege inaweza kuyumba hapa na pale, lakini ramani ni hiyo.

Kwa hivyo kama kwenu ni Kericho, unapita juu ya mabati ya nyumba yenu, unateremka Kisumu, halafu unarudi zaidi ya kilomita 80 kwa barabara ukipanda mlima. Saa 4 na robo za kufika Kisumu, ongeza karibu saa mbili za kurudi. Shuttle ya Nairobi–Kericho ingekufikisha karibu wakati huo huo, kwa sehemu ndogo ya pesa. Hapo ndege ni ya picha za status tu. Msee wa Awasi yuko pabaya kiasi. Ahero bado inalipa, ni kama dakika 40 kurudi nyuma.

Kisii nayo? Ukishuka Kisumu bado una zaidi ya kilomita 100 za kuelekea kusini. Barabara ya Narok na Bomet inakupeleka bila kugusa Kisumu hata kidogo. Fikiria mara mbili.

Wenye wanashinda ni watu wa mbele. Siaya, Bondo, Maseno, Luanda, Busia. Kwao kila kilomita baada ya Kisumu wangeifanya hata wakiwa kwa basi, kwa hivyo saa nne zote zinabaki mfukoni. Na kuna kitu kizuri zaidi: uwanja uko barabara ya Busia, upande wa kutoka tao, kwa hivyo ukitoka getini uko tayari kwa njia ya kwenda kwenu. Usikubali dere wa cab akurudishe stage ya tao bila sababu. Shida ni moja tu, mathree nyingi hutoka stage zikiwa zimejaa, kwa hivyo kama una mabegi matatu na mtoto, heri ulipe cab ama upange na jamaa wa kukuchukua. Kakamega pia iko poa, ni kama kilomita 50, lakini hapo inabidi urudi tao kwanza.

Kama kwenu ni Kitale ama Webuye, wachana na Kisumu na uangalie Eldoret. Kutoka JKIA ni karibu kilomita 268, muda wa tiketi ni ule ule, na utakuwa umeshuka upande wako.

Vipi Wilson?

Msee wa Rongai, Lang'ata, Kibra ama South C, usiende Embakasi kabla hujacheki Wilson. Kampuni kama Safarilink huruka kutoka hapo. Kilomita 11 za hewani ambazo umepunguza hazina maana sana; maana iko chini. Wilson ni ndogo, hutembei sana kutoka getini hadi kwa ndege, na hakuna ndege ya Dubai ya kukupangia laini. Barabara zake za kurukia ni fupi, hazifiki kilomita mbili, ndio maana huoni jeti kubwa pale. Ubaya ni kwamba safari kwa siku ni chache, bei mara nyingi iko juu, na Lang'ata Road jioni ni adui yako.

Kwa upande wa JKIA, ile Expressway imesaidia watu wa Westlands tangu 2022. Ina kilomita 27 na unalipa, kwa hivyo iweke kwa bajeti ya cab usije ukaanza kubishana na dere pale kwenye kibanda cha malipo.

Vitu vidogo vinavyomwaga mchele

Saa. Tiketi hutumia saa 24. 07:00 ni saa moja asubuhi na 13:00 ni saa saba mchana. Kama mtu amekukatia tiketi na akakupigia simu kukuambia "ndege ni ya saa saba", muulize ni saba ipi. Seven ya Kizungu na saba ya Kiswahili zimetenganishwa na saa sita nzima, na ndege haingoji mtu amalize kutafsiri.

Kaunta. Hufungwa kabla ya ndege kuondoka, si wakati inaondoka. Dakika kamili zimeandikwa kwa tiketi na kila kampuni ina zake. Kitambulisho beba, hata kama hutoki nje ya nchi. Soma pia ni terminal gani, juu JKIA ni kubwa na kukimbia na begi si mchezo.

Begi. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni ya begi la mkononi pekee. Ukifika na sanduku la kilo 20 na gunia la unga wa shosh, utalipia hapo kwa kaunta, kwa bei ambayo itakufanya ukumbuke shuttle kwa upendo. Basi linabeba godoro. Ndege haibebi godoro.

Mawingu. Kericho na milima ya Nandi hupigwa na mvua ya mchana, wakati mwingine na mvua ya mawe, na hiyo ndiyo njia yako. Rubani huzunguka wingu la radi, hapiti ndani yake, kwa hivyo safari ya saa tisa mchana wakati wa mvua ndefu inaweza kurefuka na kutikisika. Asubuhi huwa tulivu zaidi. Kama una tumbo jepesi, kata ya asubuhi.

Dirisha. Ukienda Kisumu, Longonot na Naivasha ziko kulia, Suswa na ziwa la mwisho wa safari mara nyingi ziko kushoto. Mimi ningechukua kushoto. Ukiona maji yamejaa dirisha lote na ndege bado inageuka, usishtuke, inatafuta upande wa kutua. Kisumu imezoea hayo. Mwaka 1931, Imperial Airways ilipoanzisha safari za kutoka London kuja Mwanza, ndege zake zilikuwa zinatua kwa maji ya ziwa lenyewe, kabla Kisumu ipate barabara ya kilomita 3.3 iliyofunguliwa ikiwa imepanuliwa 2012.

Na kurudi?

Umbali ni ule ule, muda karibu ule ule, na mara nyingi kutua JKIA ni rahisi kidogo kuliko kuruka, juu ukitoka magharibi ndege inaweza kuingia kwa barabara bila kuzunguka sana. Tatizo la kurudi ni Jumapili jioni. Kila mtu aliyekuja matanga, harusi na kuangalia wazazi anataka hiyo ndege moja, na bei inajua. Ukiweza, rudi Jumatatu ya kwanza asubuhi: ukitua kabla ya saa mbili utafika ofisini town ukiwa umechelewa kidogo tu, na mara nyingi kwa pesa kidogo kuliko ya Jumapili. Ukishindwa, kata tiketi ya kwenda na kurudi siku moja, mapema. Ukikata ya kwenda peke yake ukisema utajipanga ukiwa huko, jipange pia na basi ya usiku.